Mwaka Mama Riziki Alipotengwa na Kwaya

Walimzika Mama Riziki kwa uongo, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na msemaji kiasi cha kunusa marashi yake. Alikuwa mzee wa kanisa wa siku hizi, kijana wa suti inayometameta, ambaye nadhani hakuwahi kula hata tonge moja nyumbani kwa marehemu. Alisema Mama yetu aliteswa na pombe, akaombewa siku moja, akafunguliwa siku hiyohiyo, akarudi kwenye kwaya na kuimba mpaka Bwana alipomwita. Watu wakapiga makofi. Makofi, kando ya kaburi! Nikatazama viatu vyangu vilivyojaa udongo, nikajiambia: Esperansi, wewe ni mtu wa kukaa ndani, umetoka Mbarara alfajiri umebanwa na magunia ya watu, usije ukaanzisha vita makaburini na goti lako hilo bovu. Nikanyamaza. Wali wa msiba ulipoletwa niliushika mkononi mpaka ukapoa, nikampa jirani. Mimi, kukataa wali! Kichefuchefu kile kilirudi nami nyumbani na hakijatoka, kwa hiyo nakiandika. Kilichotokea nilikiona, kwa sababu sehemu yake kubwa ilitokea chumbani kwangu, mahali ambapo sikuwa na tabia ya kutoka.

Ni mwaka 2009 ninaousema. Habari za ukoo na jinsi tulivyovuka kutoka Kivu, mashariki ya Kongo, naziruka. Kila mkimbizi anayo moja, na yangu nimeisimulia kwa maafisa wengi mno hata mimi mwenyewe inanipigisha miayo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza sekondari kwa Kiingereza hapa Uganda, na nilikuwa na chumba kimoja cha udongo kule New Congo, mojawapo ya vijiji vya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Paa lake lilikuwa shitingi, ile turubai nyeupe tuliyogawiwa, ambayo jua likipanda hunuka kama ndala iliyoungua. Nilikipenda chumba kile kupita kiasi. Wenzangu walilima, waliuza samaki wa ziwani, walipanda pikipiki na mahindi yao hadi mji mdogo wa Kaberebere. Mimi nilifagia, nikapika, nikafagia tena. Kulikuwa na jirani aliyeniita kila alipopita na jembe lake: “Esperansi! Hayo mayai unalalia itapasuka siku gani?” Mwenzake akamjibu kabla sijafungua mdomo: “Muache, iko anashikilia ukuta. Akitoka, nyumba inaanguka.” Nami nilicheka nao, maana walikuwa na haki, kisha nikafunga mlango.

Kazi ilibidi inifuate humo humo ndani. Ililetwa na Mnyankore mmoja, mwenyeji wa upande ule, mrefu, mpole, mwenye shati la mikono mirefu lililopigwa pasi hata katika vumbi lile, aliyetumwa na shirika dogo la Mbarara kuwashauri watu waliotekwa na pombe. Sisi tulimwita Musawo, kama Waganda wanavyomwita daktari, ingawa mwenyewe alikikataa cheo hicho kwa sauti ndogo sana. Kiswahili alikijua, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alikuwa amekiokota kwa mjomba wake mwanajeshi, basi kila alipomfariji mtu ilikuwa kama anamkamata. “Wewe! Kaa chini! Sema ukweli, mimi hapana piga wewe!” Mlevi wa kwanza kuambiwa hivyo aliruka dirisha. Ikaonekana afadhali aseme Kiingereza, na atafutwe mtu wa kukigeuza. Wanaume walikuwa na kikundi chao kwenye baraza la zahanati, lakini wanawake hawakwenda, maana kukaa pale ni kuonekana na kila anayepita na ndoo. Musawo akasema wanawake wakimbizi ni kundi maalumu, na kundi maalumu linahitaji mahali pake. Mchungaji wetu akatoa kanisa, Jumatano mchana, kwa moyo mweupe kabisa. Mkewe, Mama Mchungaji, ndiye aliyeshika ufunguo. Alifungua, akaketi mlangoni akidarizi vitambaa vya meza mpaka tumalize. Mimi nilikubali ukalimani kwa sababu moja tu: kanisa lilionekana kutoka kitandani kwangu.

Sikuwa nimefikiria harufu. Mimi ni mtu wa kunusa kikombe kabla ya kunywa maji, na sasa nilikaa katikati ya wanawake waliotoa jasho la kanyanga, ile gongo yetu inayopikwa kwenye mapipa, mmoja wao akicheua kila nilipofika kwenye neno gumu. Nilipumulia mdomo, nikatafsiri. Na mafundisho yenyewe, naapa, yalitungwa kwa ajili ya mwanamume wa mjini mwenye mshahara na barabara mbili za kuchagua. Musawo alisema: waambie wabadili njia, wasipite karibu na mahali pa pombe. Nikawaambia.

“Nibadili njia niende wapi?” aliuliza Mama Riziki. “Pipa ya Mama Bosco iko nyuma ya jiko yangu. Moshi yake njo inanikaushia nguo.”

“Na sijakulipisha,” alisema Mama Bosco. Kwa maana Mama Bosco, mpishi wa kanyanga wa mtaa mzima, naye alikuwamo. Alikuja kila Jumatano, akaketi mbele, kuangalia wateja wake wanaendeleaje.

Musawo akasema: basi wawaepuke marafiki wanaokunywa. Wanawake wakatazamana, benchi hadi benchi, wakaanza kucheka mpaka Mama Mchungaji akainua kichwa. Musawo akajaribu tena: kila mmoja atafute kitu cha kufanya kwa furaha, bila malipo.

“Bila malipo?” Mama Riziki alisimama kabisa. “Mi kila kitu ninafanya bila malipo. Kuchota maji bila malipo, kupika bila malipo, kuzaa bila malipo. Muambie atafute ingine.”

“Amesemaje?” aliniuliza Musawo, ambaye Kiswahili chetu cha haraka kilimpita, kalamu tayari.

“Anasema anavyo vingi,” nikajibu.

Siku hizi nikienda hospitali hapa Mbarara naona mabango ukutani: vijana, wazee, walemavu, wanawake, kila kundi na picha yake, kila picha inatabasamu. Natafuta kwenye picha zile mtu anayekaushiwa nguo na moshi wa pipa, simwoni.

Mama Riziki alikuwa na umri kama wa miaka hamsini, mwembamba, mwenye shingo ndefu na ulimi usiolala. Alikuwa mwanzishi wa Kwaya ya Wamama, yaani yeye ndiye aliyetoa neno la kwanza la wimbo na wengine wakamfuata. Pasipo yeye walianza juu mno na kufikia ubeti wa pili wanakohoa. Mazoezi yalikuwa jioni, jua likilegea, saa zilezile ambazo Mama Bosco alifungua pipa na watu wakaanza kusogea na vikombe vyao. Nadhani hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini kwaya ilikuwa ndiyo kamba iliyomfunga asiende. Siku ya mazoezi hakunywa. Siku zisizo na mazoezi alikunywa, na zile za katikati alibeba akiba. Biblia yake ilikuwa na jalada la zipu, na humo ndani, baina ya Malaki na Mathayo, alibana vipaketi vya plastiki vya waragi, ile pombe kali ya dukani. Nilijua kwa sababu nilikaa nyuma yake. Jumapili moja alipovuta zipu, kimoja kilipasuka, na harufu ikapanda katikati ya Zaburi. Akaanzisha wimbo papo hapo, kwa nguvu, kanisa zima likasimama na kupunga mikono juu ya ile harufu. Kinywani alikuwa anatafuna dawa ya meno, kavu, bila maji. Pumzi yake ilikuwa mnanaa juu ya mafuta ya taa. Mpaka leo mtu akinipa pipi ya mnanaa naitema kwenye kiganja.

Musawo alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila Jumatano: kinachosemwa hapa kinabaki hapa. Halafu akawataka waseme. Kila mmoja asimame, ataje jina lake na shida yake, mbele ya wenzake. Hakujua jambo ambalo kila mtoto wa kanisa letu kule Kivu analijua kabla ya kujua kusoma: ukisimama ndani ya jengo lile ukataja dhambi yako kwa sauti, watu wakasikia, hayo si mazungumzo tena. Hiyo ni toba. Na toba kwetu ni jambo la kanisa zima, ina nyimbo zake na ina adhabu yake. Wanawake walidhani Musawo na Mchungaji wamekwisha kupatana. Hata mimi nilidhani hivyo; jengo ni lao, ufunguo ni wao, mke wa Mchungaji yuko mlangoni, nani angedhani vingine? Basi Jumatano moja, zamu yake ilipofika, Mama Riziki hakusimama mahali pake kama alivyoombwa. Alitembea mpaka mbele, akampita Musawo kama kiti, akapiga magoti kuielekea mimbari.

“Mi naitwa Riziki,” alisema. “Ninakunywa pombe. Nimekunywa hata humu, ndani ya nyumba ya Mungu, nikiwa nimevaa kitenge ya kwaya. Nimechoka. Ninaomba kanisa inisaidie.”

Sijui nani alianza, lakini wote wakaimba, na aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mama Bosco. Musawo alifuta macho kwa mkono wa shati lake safi. “Umeona?” aliniambia. “Hiki ndicho tunachokingoja miezi yote.” Akampa Mama Riziki kipande cha sabuni, zawadi ya shirika kwa kila aliyesimama kusema. Mlangoni Mama Mchungaji alikuwa ameweka sindano chini na kuinua mikono, na jioni, akimpakulia mumewe, alimweleza kwa furaha ya kweli kwamba mwanzishi wa kwaya ametubu.

Jumapili Mchungaji akaita jina lake. Alisema dada yetu amekuja kwa hiari, mbinguni kuna shangwe. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akasema kwamba kwa utaratibu wetu ametengwa: atakaa benchi la nyuma, hatashiriki Meza ya Bwana, hatavaa kitenge cha kwaya wala kuimba nayo, mpaka kanisa lione matunda. Mchungaji hakuwa mtu mbaya, na hilo linanichefua kuliko angekuwa mbaya. Baada ya ibada alimpelekea maharage ya shamba lake mwenyewe. Nilimtazama akivuka njia na beseni lile, amevaa viatu vya Jumapili, uso umejaa huruma, nikatamani awe mnafiki tu tujue moja. Jumatano Musawo alipoelezwa alishika kichwa, akaita jamani kwa lugha ya kwao. “Banange! Mimi si nilisema kinabaki hapa!”

“Kimebaki hapa,” alisema Mama Riziki, akionyesha lile benchi la nyuma. “Kimebaki kabisa.”

Jioni ya kwanza ya mazoezi bila yeye nilikuwa nachambua maharage. Kwaya ilianza, juu mno, kama nilivyosema. Kabla hawajafika wimbo wa pili mlango wangu ulisukumwa na bega, Mama Riziki akaingia, akashika ukuta ambao majirani walisema nashikilia mimi, akatapika. Alitapika juu ya mkeka, juu ya ndala zangu, na kidogo, Mungu anisamehe kwa kulikumbuka, ndani ya maharage. Yalikuwa maji ya njano yenye vipande vya muhogo, na yalinuka kama kitu kilichokufa ndani ya pipa la dizeli. Nilimwaga majivu, nikazoa, nikamwaga tena, nikiwa nimefunga pua kwa ukosi wa blauzi na kusema maneno ambayo sekondari haikunifundisha. Yeye amekaa sakafuni, kamasi zinamtoka, ananitazama.

“Weye hautokake?” aliniuliza.

“Sitoki.”

“Kila jioni uko humu?”

“Kila jioni, mama.”

“Basi niko nakuja.”

Nilidhani ni maneno ya pombe. Lakini mazoezi yaliyofuata alifika jua likiwa bado juu, amekauka, mikono inatetemeka hata kikombe cha maji kikawa kinagonga meno. Akaniagiza nifunge mlango kwa kigogo. “Nikikuomba ufungue, usifungue mpaka usikie amina yabo, ba kwaya.” Ndivyo tulivyoishi mwaka ule. Kila jioni ya kwaya alikuja, nami nilifunga. Alikula bugali wangu na kusema una mabonge. Alikula sombe yangu, kisamvu cha kwetu, na kuuliza kama nimeitwanga au nimeikalia tu. “Nyumba yako inanuka kiatu,” alisema. Nikamwambia ni shitingi. “Ni weye,” alisema. Kwaya ikiimba, midomo yake ilicheza bila sauti, na alijifinya paja kila walipokosea. Jioni nyingine upepo ulileta moshi wa Mama Bosco badala ya wimbo, na hapo ndipo ilipokuwa kazi.

“Fungua, Esperansi.”

“Hawajasema amina.”

“Fungua, mutoto wa mbwa. Nitakupiga.”

“Utanipigia humu humu ndani, mama.”

Alinitazama kwa chuki safi kabisa, isiyo na mchanganyiko, jasho linamtiririka shingoni. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mwingine. Kisha akacheka, akalala chali sakafuni, akasema mimi ningefaa kuwa askari jela, na kwamba sitaolewa. La pili alilipatia.

Katikati ya mwaka Musawo alitupeleka Mbarara. Kulikuwa na semina ya washauri kuhusu makundi maalumu, katika hoteli moja ya mlimani, na alitaka aonekane mtu aliyesaidiwa. Mama Riziki alivaa gauni langu la heshima, kwa kuwa nguo yake pekee nzuri ilikuwa kile kitenge kilichokatazwa, na lilimbana hata akapumua kama anaiba. Ukumbi ulinuka dawa ya chooni na mbuzi wa kuchoma. Ukutani mtu alikuwa anaonyesha viduara vya rangi: hiki wanawake, hiki wakimbizi, hiki wazee, na pale vinapopandana, alisema, ndipo alipo mteja wetu mgumu zaidi. Pale vilipopandana palikuwa na kipande chembamba kama ukucha.

“Njo siye pale?” alininong'oneza, yaani ndio sisi pale.

“Ndiyo, mama.”

“Tumekonda.”

Wakamsimamisha. Mwenyekiti, bwana mmoja mwenye tumbo la kupendeza, akamwuliza ni kitu gani kilimsaidia zaidi. “Kuimba,” alisema. Nikatafsiri. Akaandika ubaoni neno refu, nadhani lenye maana ya burudani. Mama mmoja daktari, aliyekuwa nyuma, akauliza vizuri tu kama bado anaimba. “Hapana.” Kwa nini? “Juu nilikuja kwenu,” alisema Mama Riziki. “Nilisema ukweli mbele ya mushauri wenu, bakanitoa kwaya.” Nikatafsiri, neno kwa neno. Yule daktari akaweka kalamu yake mezani, akainua mkono. Mwenyekiti akatazama saa, akamshukuru mgeni wetu kwa ushuhuda mzuri, akasema chakula kiko tayari.

Chakula hicho nakiona mpaka leo. Matoke, mbuzi, kuku, na kwenye meza ya mwisho beseni la barafu lenye bia, kwa wale wanaotumia, kama mhudumu alivyosema. Walikuwa wanatumia. Washauri wa walevi wa upande wote wa magharibi ya nchi walisimama na vidole vinang'aa mafuta, wakifungua chupa. Yule mwenyekiti akaja, povu kwenye masharubu, akamwekea Mama Riziki mkono begani ili wapigwe picha, na glasi ya yule bwana ikawa chini kabisa ya pua ya mama. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Nikaona ulimi. Nilimvuta mkono kama mtu anavyovuta mbuzi barabarani, tukaenda kukaa ndani ya gari la shirika, madirisha yamefungwa, jua linatupika, amekumbatia sahani yenye paja la kuku ambalo hakuweza kulila. Njiani, tulipokwisha kuipita Kaberebere na vumbi limeanza, Musawo alinigeukia, na kwa hasira akasahau Kiingereza. “Wewe natafsiri mbaya! Wewe naharibu mimi mbele ya wakubwa!”

“Anasemaje?” aliuliza Mama Riziki, ingawa alimwelewa vizuri sana.

“Anauliza kama umeshiba.”

“Muambie nimeshiba. Nimeshiba hapa,” alisema, akijipiga kooni.

Musawo alikuwa na aibu yake, nisimdhulumu. Wiki ileile alinichukua twende kwa Mchungaji. Tulinyweshwa chai ya maziwa sebuleni, kila kiti na kitambaa chake cha kudariziwa Jumatano. Akaeleza kwamba ulevi ni ugonjwa, haufai kuadhibiwa. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Kama ni ugonjwa, kwa nini mulimuleta kanisani na si hospitali? Na kama ni zambi, mbona hamutuachie?” Musawo aligeuza kikombe chake. “Ni kanisa ndiyo ilikuwa na mabenchi,” alisema. Lilikuwa jibu la kweli, na sijawahi kusikia jibu la kweli lililokuwa maskini hivyo. Haukupita muda shirika likaishiwa fedha, likahamia kwenye jambo jingine. Musawo alikuja kutuaga na katoni la sabuni zilizobaki. Mama Riziki alipokea yake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi. Nilitaka aitupe.

Mwaka ulipoelekea mwisho, wazee wa kanisa walikubaliana kwamba matunda yameonekana. Jumapili ya kumrudisha walimwita mbele. Mama Mchungaji alishika kitenge cha kwaya, kimefuliwa na kukunjwa pembe kwa pembe. Wanakwaya wameacha nafasi yake katikati ya mstari wa mbele, na mmoja wao, aliyekuwa akianzisha nyimbo mwaka mzima, alikuwa na uso wa mtu anayetua mzigo. Nilikuwa benchi la pili. Nilijua kwamba akikipata kile kitambaa, jioni zake zitakuwa salama na zangu zitakuwa zangu tena, na nilitaka vyote viwili kwa nguvu sawa.

“Dada Riziki,” Mchungaji aliuliza, “umeacha pombe?”

“Leo sijakunywa, Mchungaji.”

Watu wakatabasamu. “Kanisa linauliza, umeacha?”

“Na jana sijakunywa. Ya kesho sijue. Uniulize kesho.”

Vijana wa nyuma wakacheka, kisha kicheko kikafa. Swali lile lina jibu moja, kila mtu aliyewahi kurudishwa amelitoa: nimeacha kabisa, Bwana amenifungua. Mchungaji akashuka mimbarini. Akainama karibu naye, sauti chini, lakini mimi nilikuwa karibu. “Mama,” alimwambia, si kama mchungaji, kama mtoto wa nyumbani, “sema tu ndiyo. Ni neno moja. Kitenge njo hiki.” Na mimi, niliyesafisha matapishi yake, niliyemfungia mlango mwaka mzima, niliomba moyoni adanganye. Sema, mama. Nani atakufa?

Alikigusa kile kitenge pembe kwa kidole. “Hapana,” alisema. “Pombe na uongo, mi nilianzaka nabyo pamoja. Mi nikidanganya, nasikia kiu.”

Akageuka, akatembea katikati ya kanisa mpaka benchi la nyuma, akaketi, akaweka Biblia magotini. Mama Mchungaji alibaki na kitambaa mikononi, akitazama mumewe, mumewe akitazama wazee, wazee wakitazama sakafu. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Wakaendelea na sadaka. Nilitoka kabla ya baraka za mwisho, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikasimama uani nikitema mate kama mjamzito.

Kesho yake alfajiri aligonga mlango wangu. Nilikuwa bado ndani ya blanketi. “Amuka, twende kwa Mchungaji.”

“Kufanya nini, mama?”

“Weye si mutafsiri?”

“Nitatafsiri nini? Nyinyi wote ni wa Kivu!”

“Utatafsiri. Vaa.”

Nikavaa, nikamfuata kwenye umande huku nalalamika, nywele zangu zikiwa aibu tupu. Mchungaji alitoka amevaa singlendi, kitambaa kiunoni, mswaki mdomoni. Alipotuona alidhani kuna msiba. Mama Riziki alisimama wima mbele yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

“Ni kesho,” alimwambia. “Nimekuja uniulize.”

Mchungaji alimtazama, akanitazama mimi, nami nikainua mabega. Alitema povu pembeni, karibu sana na mguu wangu, akajifuta kidevu kwa kiganja.

“Umekunywa?” aliuliza.

“Leo bado sijakunywa.”

Alikung'uta mswaki wake kwenye nguzo ya mlango.

“Haya,” alisema. “Basi kesho uje mapema, mi ninaenda shamba.”